Mitungi ya Mama Mkwe

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Mgeni mmoja. Mmoja tu, gesti nzima! Na huyo hakuja kwa mapenzi yake. Ametimuliwa na Sarun, mwenye gesti ya ng'ambo ya kichochoro, kwa sababu viatu vyake vinanuka. Anaitwa Joost, Mholanzi, mrefu, mwembamba, nywele hazijaona kitana tangu atoke kwao. Watalii wa mashanta wote ndivyo walivyo. Wanavuka bahari kuja kuyashangaa mahekalu ya wazee wetu wa Kikhmer, halafu wanashinda wakibishana na muuza maji.

Leo Joost amefua chupi zake akazianika kwenye kijumba cha mizimu pale uani. Juu ya paa! Mizimu inayotulinda ikitaka kuchungulia nje inakutana na chupi ya Mholanzi. Na Mama Mkwe akachagua dakika hiyohiyo kuingia.

Hakufoka. Hafoki kamwe, na huo ndio ubaya wake. Aliziondoa chupi kwa kijiti, akapita chumba hadi chumba, akanusa, akagonga kuta, akapima milango kwa mikono, kisha akasema nyumba hii ni kavu na ina hewa nzuri. Nikamshukuru. Nilidhani ananisifu. Kumbe alikuwa anawaza mitungi yake! Anauza prahok sokoni, wale samaki wa kuchachusha, na mitungi yenyewe inanifika kifuani. Banda lake linavuja. Nyumba hii ni yake. Basi amesema kwa upole kabisa kwamba siku za wafu zikiisha na vyumba vyangu bado vitupu, mitungi inahamia humu, nami nitakuwa mlinzi wake. Msimu wa samaki ukifika nitakwenda mtoni kuwakanyaga kwa miguu wawe prahok, pamoja na wajomba wa mke wangu. Mimi! Mtu mwenye kadi za biashara!

Siku ya mwisho ya wafu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hadi hapo marehemu wetu wamefunguliwa, wanazunguka nyumba za watawa wakitafuta sadaka za ndugu zao, na ndugu asiyewawekea kitu wanamlaani. Mji mzima unapika na kusali. Mimi natafuta Wazungu.

Maly, mke wangu, amesema labda nianze kwa kufagia.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimelichambua tatizo. Tatizo ni Sarun. Ni mwanyumba wangu, amemwoa Thida, mdogo wake Maly, na nyumba anayoiendesha ni ya Mama Mkwe vilevile. Kichwani hana kitu. Lakini vyumba vyake vimejaa hata msimu huu wa mvua, kwa sababu ana tabasamu, ana chapati za ndizi, na ana kibao kikubwa mlangoni: HAPA HAKUNA KUNGUNI.

Kibao! Siri yote ni kibao. Nimeshinda asubuhi nzima nikichora changu. Rangi nyekundu, Kiingereza safi, herufi zimesimama wima: KUNGUNI WOTE WAKO KULE. Na mshale mkubwa unaoelekea kwa Sarun. Nimekitundika, nimevaa shati la kola, nimekaa barazani kuwasubiri.

Jumapili, 8 Oktoba

Watalii hawajui kufuata mshale. Wameona neno kunguni pande zote mbili za kichochoro, wakashika kamba za mashanta yao na kupita mbio hadi barabara ya soko. Jana hakuingia mtu kwangu, hakuingia mtu kwa Sarun, hata kwa fundi viatu hakuingia mtu. Sarun alikwenda kushtaki kwa Mama Mkwe akiwa ameshika kifua, eti presha. Mama Mkwe amekipasua kibao changu na kukifanya kuni. Amesema rangi nyekundu inawaka vizuri.

Halafu leo asubuhi nimemkuta Joost uani, amesimama mbele ya kijumba cha mizimu, anakula ndizi. Ndizi za sadaka, na udi bado unafuka! Sisi wenyewe huzila, sikatai, lakini udi ukishazimika, mizimu ikishamaliza kula. Nikamuuliza anafanya nini. Akajipangusa mdomo, akaniambia amefurahi sana kwamba nyumba hii inawawekea wageni kifungua kinywa cha bure. Kule ng'ambo, alisema, chapati zinalipiwa.

Nikafungua mdomo nimtukane. Kisha nikayasikia tena maneno yake.

Kifungua kinywa cha bure. Jamani! Mholanzi mchafu amenipa wazo, ingawa yeye mwenyewe hajui, na kazi ya kulifikiria mpaka mwisho nimeifanya mimi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kibao kipya. KIFUNGUA KINYWA BURE, bila mshale.

Chakula kipo tele. Kila nyumba kichochoroni ina kijumba chake, na siku hizi za wafu kila kijumba kina ndizi, wali, keki ya nazi na birika dogo la chai. Majirani wakitoka kwenda kwa watawa, mimi napita na sinia. Nasubiri udi uzimike, mimi si mshenzi. Udi ukichelewa naupulizia kidogo uende haraka. Kisha napiga magoti mara tatu na kuomba radhi kwa niaba ya biashara.

Wamekuja Wafaransa wawili, mtu na dada yake, na Mwaustralia mwenye ngoma. Wamekula wakapiga picha sahani. Mwaustralia amesema chai yetu ina ladha asiyowahi kuionja popote. Ndiyo, ina majivu.

Nimewapa vyumba. Mwenye ngoma nimempa chumba kinachotazamana na dirisha la Sarun.

Jumatano, 11 Oktoba

Asubuhi mbaya. Bibi Yim, jirani yetu wa kona, amewatangazia watu wote kwamba mwaka huu wafu wana njaa isiyo ya kawaida. Sahani zinabaki nyeupe! Wanawake wamefurahi hadi machozi. Sasa kila mmoja ameleta kigoda na kukaa mbele ya kijumba chake, ili ashuhudie. Nimepita na sinia tupu, nikijifanya naangalia mawingu.

Wageni wameanza kunung'unika. Wana haki gani ya kunung'unika? Kitu ni cha bure! Lakini wametoka nyumba zenye makabati yaliyojaa, kwa hiyo njaa ya nusu saa kwao ni msiba.

Mchana akaingia Mama Mkwe na masufuria, shangazi zake wote nyuma. Wamekuja kupikia uani kwangu ansom za siku ya mwisho, wali wa kunata na nyama ya nguruwe na choroko, umefungwa kwa majani ya mgomba. Moshi hadi vyumbani. Watalii wameshuka wote, wanauliza, wanagusa, wanarudishwa kwa mwiko. Jioni vikapu vimejaa, na kwa kuwa banda la Mama Mkwe linavuja, vimewekwa jikoni kwangu. Ameviangalia sana kabla ya kuondoka. Amesema hizi ni za Mzee Khem, marehemu mumewe, na nisiziguse.

Sikuzigusa. Nimegusa moja. Nimeikata vipande vidogovidogo na kuwapa wageni waonje, ili wasikimbie kesho. Moja haionekani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Vyumba vyote vimejaa. Vyote! Hata bembea ya barazani ina Mjerumani. Habari za ansom zimezunguka mji mzima kwa simu zao, na wanakuja wakiwa wamelowa, viatu mkononi, wametoka kutembea hekalu baada ya hekalu, wanauliza kama bado zipo. Zipo!

Sarun amesimama mlangoni kwake siku nzima na chapati ya ndizi iliyopoa. Mwishowe akavuka, akaniuliza nawalisha nini. Nikamwambia nawalisha upendo. Akavuta pumzi kwa pua yake ndefu, akatazama jikoni. Nikamwambia arudi kwake, wageni wake watamkosa, kisha nikakumbuka kwa sauti kwamba hana wageni.

Mama Mkwe naye amepita jioni. Ameona viatu vilivyorundikana mlangoni, akasimama, akaitikia kwa kichwa. Nimeokoka. Mitungi ikatafute pa kwenda.

Maly amesema nitazame vikapu. Maly hapendi kuniona nikifurahi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimetazama vikapu. Kimebaki kikapu kimoja, na ndani yake ansom moja, na hiyo imeng'atwa.

Wananila! Nimekimbia sokoni. Ansom zote zimeshalipiwa na wenyewe, siku kama leo huuziwi hata kwa machozi. Nimerudi. Nimekaa. Nimefikiri. Na hapa ndipo mtu mwenye akili hutofautiana na akina Sarun, kwani mimi sikulia, nimekwenda kwenye pipa la taka, nimeokota majani yote ya mgomba waliyoyatupa wageni, nimeyaosha, nimeyajaza makapi ya mpunga yaliyoloweshwa maji na kuyafunga kwa kamba za Mama Mkwe mwenyewe. Nzuri sana! Nzito vilevile. Hakuna atakayejua. Watawa kesho wanaletewa ansom za kujaza mashua, hawazifungui hata robo. Na wafu, kila mtu anajua, vinywa vyao ni vidogo kama tundu la sindano. Hawawezi kumaliza punje moja.

Maly amenikuta nafunga ya mwisho. Akaniita kwa jina la mwanetu.

"Baba Ratha," akasema, "baba yangu naye atakula makapi?"

Nikamwambia baba yake, nijuavyo mimi, hakuwa mtu wa kuchagua chakula. Ameingia ndani na kulala akinipa mgongo.

Limebaki jambo dogo la kifungua kinywa cha kesho. Nimewaambia wageni kesho kinatolewa kule kwa watawa mwisho wa barabara, sherehe kubwa, waje tu. Huko chakula ni cha mji mzima. Hayo ndiyo mahesabu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Ukoo wote ulikuwepo, mashati meupe, mikeka, sinia mbele ya watawa. Vikapu vyangu vilibebwa na Sarun, akilalamika uzito. Vizuri. Nilikaa nyuma nikiwa na amani. Kumbe Mama Mkwe mwaka huu ana jambo lake! Akasema tangu Jumatatu anamwota Mzee Khem akija mlangoni, amelowa, anaomba ndizi. Kwa hiyo hatatoa sadaka iliyofungwa. Ataifungua kwa mkono wake, amkatie, amwekee mbele ya picha yake.

Akachukua kisu. Akakata kamba. Makapi yakamwagika mkekani.

Hata mtawa mkuu aliacha kujipepea. Akafungua nyingine, makapi. Sarun akachukua ya tatu bila kuombwa, akaipasua, akainyanyua juu ili na waliokaa nyuma waone. Akauliza, kwa sauti ya huzuni niliyotamani kuipiga kofi, kwani vikapu hivi vililala jikoni kwa nani.

Watu wote wakageuka.

Ndipo wakaingia. Wageni wangu! Mvua imewapiga, nguo zimeshikana na mifupa, nywele zimevurugika, viatu wameviacha nje kama walivyofundishwa. Mbele yao Joost. Akaunganisha viganja, vibaya, akasema kwa Kikhmer cha kuokota kwamba wana njaa, kwamba wamezunguka nyumba za watawa tangu asubuhi wakitafuta na hawakupata, na je, chakula chao ni hapa?

Bibi Yim alipiga yowe.

Nami nikaona mlango wa kuokokea umefunguka. Nikasimama. Nikasema, "Mama, watazame. Wafu wetu hawakungoja leo. Walikuja wenyewe, mpaka nyumbani kwako." Nikamwonyesha miguu mitupu. Nikamwonyesha mbavu. Nikamuuliza ni nani anayetangatanga hekalu hadi hekalu, hana pa kulala, anakula na hashibi? Nani alikula ndizi za kichochoro kizima? Nani alimaliza ansom? Mimi ni nani niwanyime? Makapi niliweka ili vikapu visikae wazi, kwa heshima.

Mzee mmoja alicheka. Mtawa mkuu alikohoa sana, kichwa amekiinamisha.

Mama Mkwe alinyanyuka. Akaenda hadi kwa Joost, akamtazama kutoka chini kwenda juu, maana anamfika tumboni. Akaniuliza, bila kugeuka, huyu asubuhi hula nini. Nikasema ndizi. Akauliza hula amekaa au amesimama. Nikasema amesimama. Mzee Khem naye, akasema, hakukaa akila. Kisha akachukua ansom kutoka sinia ya Bibi Yim, akaimenya yote, akamtia Joost mkononi.

"Kula, baba Maly," akasema. "Kula ushibe."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Udi ulikuwa mwingi mle ndani. Joost hakuelewa hata neno, lakini alikula mbele yake hadi punje ya mwisho, naye akaanza kulia, sijui kwa nini. Wazungu huwezi kuwaelewa. Maly pia alilia. Nikajaribu, hayakutoka.

Halafu Mama Mkwe akamgeukia Sarun. Akamuuliza kama ni kweli alimfukuza mtu huyu mvuani kwa sababu ya viatu. Sarun akababaika. Akapigishwa magoti mbele ya Joost, paji la uso mkekani, mbele ya ukoo wote na watawa! Nikasogea nione vizuri. Siku bora ya maisha yangu.

Ilidumu mpaka Mama Mkwe alipofika kwangu.

"Borith," akasema, "wewe wazee wako uliwalipisha chumba?"

Nimewarudishia wote. Kila kitu, palepale, mbele ya watawa. Mzazi, amesema, halipi kulala kwake.

Jumapili, 15 Oktoba

Siku za wafu zimeisha na wafu lazima warudi walikotoka. Kila mwaka tunawaaga kwa vijimashua vya magogo ya mgomba, chakula kidogo ndani, vinaelea vinakwenda. Mwaka huu Mama Mkwe amekwenda gatini na wageni wangu wote na kuwapandisha boti ya kwenda mji wa Battambang. Amewafunga nyuzi za baraka mkononi mmoja mmoja. Amewajazia wali, ndizi, samaki wa kukaanga. Sarun amebeba mashanta, na la Joost amelibeba kwa mikono miwili, kwa heshima. Hilo peke yake limenipa nguvu.

Nilimsihi. Nikamkumbusha kwamba vyumba vilijaa, ameviona mwenyewe, ahadi ni ahadi. Akasema vilijaa wafu, na wafu hawahesabiwi. Nikamwambia angalau Mjerumani abaki, yule ni mzima kabisa, ana bima. Akasema mfu anayebaki baada ya siku zake hugeuka balaa.

Boti ikaondoka. Joost alipunga mkono hadi akapotea. Mama Mkwe alibaki gatini peke yake baada ya sisi sote kurudi. Sijui alikuwa anangoja nini, boti ilikuwa imeshakwenda.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mitungi imeingia. Imepita milangoni bila hata kukwaruza, kila mmoja mahali pake. Harufu imefika kwa Sarun, na Sarun amefunga madirisha. Kadi zangu za biashara Mama Mkwe amezitumia kuandikia tarehe za mitungi, upande wa nyuma.

Chumba cha Joost tu hakuweka mtungi. Ametandika mkeka mpya, akaweka picha ya Mzee Khem, sahani ya ndizi na udi. Nafasi nzuri kama ile, imepotea bure.

Maly ameniambia jambo la ajabu. Amesema mama yake alijua tangu ansom ya kwanza. Alikuwa akizihesabu kila jioni. Makapi tu ndiyo hakuyajua. Nikauliza, sasa kama alijua, kwa nini hakunikataza? Maly akasema labda alitaka kuona nyumba ya mumewe ina watu wanaokula.

Jibu la kipuuzi. Wanawake wa ukoo huu hawana kichwa cha biashara.

Nimekaa katikati ya mitungi, nimefikiri. Mtalii wa shanta anapenda nini? Uchafu, maji, na kitu cha kuwasimulia wenzake. Msimu wa samaki hauko mbali. Kwa nini nikanyage mimi? Watakanyaga wao, na watalipa! Nimeshapata ubao na rangi nyekundu imebaki ya kutosha: KANYAGA SAMAKI KAMA WAZEE WETU. KIFUNGUA KINYWA BURE.

Jioni hii wawili wa kwanza wamekwisha fika, mashanta mgongoni, wameshika pua, wanauliza kama kifungua kinywa kinaweza kutolewa sasa hivi. Nimewaambia wakae. Ndizi zipo, sahani nzima, kwenye chumba kile cha Joost.

Udi ulikuwa bado unafuka. Nimeupulizia kidogo.